Gemu inagoma kuingia, antivirusi inapiga mayowe: ni virusi kweli au ni kelele za bure?

Kisa hiki kinajulikana kuanzia hosteli za Njoro hadi saiba za Kondele. Mtu amenakili gemu ya GB 30 kwenye flashi, au amemaliza bando la wiki nzima akiipakua. Anabofya setup, mstari unatambaa hadi asilimia themanini na kitu, kisha kwenye kona ya skrini linachomoza tangazo: "Threats found". Usakinishaji unakatika, au unamalizika lakini aikoni inabaki karatasi nyeupe isiyofungua kitu. Hapo wengine huzima antivirusi nzima, na wengine hufuta gemu nzima. Wote wameamua kesi kabla ya kusikiliza ushahidi.

Maelezo haya yanafuata Windows 10 na 11 zenye Microsoft Defender, kwa kuwa ndiyo antivirusi inayokuja na kompyuta yenyewe. Avast, ESET na Kaspersky zina karantini (mahali faili zilizokamatwa hufungiwa), historia na orodha ya folda zilizosamehewa vilevile, ila vitufe vimekaa kwingine.

Soma jina la tuhuma kwanza

Fungua Windows Security, ingia "Virus & threat protection", halafu "Protection history". Bofya tukio la mwisho na uandike mambo matatu: jina la tishio, njia kamili ya faili iliyokamatwa, na saa iliyokamatwa. Usibonyeze "Allow" wala "Remove" bado.

Jina lenyewe lina mpangilio. Neno la kwanza linataja aina ya kosa, linalofuata ni mfumo unaolengwa, na la mwisho ni ukoo. Chukua jina linaloonekana sana kwenye gemu: Trojan:Win32/Wacatac.B!ml. Mkia wa "!ml" unaonyesha kwamba faili haikulinganishwa na virusi fulani kilichochambuliwa na kujulikana. Modeli ya kompyuta imekisia tu kwamba inafanana na faili mbaya ilizowahi kuonyeshwa. Gemu ndogo za waundaji wasio na jina hukamatwa sana hivi. Lakini wezi halisi wa nywila nao hukamatwa kwa jina hilohilo, kwa hiyo mkia peke yake haumwachilii mtu huru.

Likianza na "PUA:", gemu inaweza kuwa safi kabisa ila kisakinishi kimefungashwa pamoja na matangazo na programu za kulazimisha. Tovuti za kupakulia vitu bure hupenda mchezo huu. Dawa ni kukitupa kisakinishi hicho na kwenda kukichukua kwa mwenye gemu. Kukiruhusu ni kukaribisha takataka zote zilizofungwa nacho.

"HackTool:" maana yake antivirusi imeona kifaa cha kuvunja leseni, kutengeneza namba za leseni au kudanganya ndani ya gemu. Imeona sawasawa. Swali linalobaki ni kama humo ndani kuna kitu kingine, na hilo jina halikuambii.

"VulnerableDriver:" na ndugu zake ni kundi la katikati. Mwezi Machi 2025 Defender ilianza kuikamata draiva (programu ndogo inayounganisha Windows na vifaa) iitwayo WinRing0, iliyokuwa imetumiwa na programu nyingi za kuongoza feni na taa za kompyuta za gemu. Programu hizo hazikuwa virusi. Ila draiva yenyewe ina tundu ambalo mshambuliaji anaweza kulipitia hadi kwenye kiini cha Windows. Ukikutana na hali kama hiyo, tafuta toleo jipya la programu lenye draiva nyingine.

Na likianza na "Virus:" likafuatwa na Sality, Neshta au Ramnit, acha kusoma hapa, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya flashi.

Kwa nini gemu hushukiwa kuliko programu ya hesabu za duka? Kwa sababu zinatembea na mavazi ya wezi. Waundaji hubana faili zao kwa UPX au kuzificha kwa VMProtect na Themida ili wasiibiwe, na watengenezaji wa virusi hutumia vifungashio hivyohivyo. Modi (nyongeza za gemu) huchomeka DLL (faili ya msimbo wa programu) ndani ya programu nyingine inayoendelea kufanya kazi, tendo ambalo virusi pia hulifanya. Isitoshe, muundaji anayefanya kazi peke yake mara nyingi hajanunua cheti cha kutia saini faili zake.

Antivirusi yenyewe nayo hukosea vibaya wakati mwingine. Septemba 4, 2022 Defender iliamka ikiita Chrome na programu nyingine za kawaida Behavior:Win32/Hive.ZY, kila zilipofunguliwa. Sasisho lilitoka na kelele zikaisha. Ndiyo sababu hatua ya kwanza dhidi ya tuhuma yoyote yenye mashaka ni kusasisha Defender. Wenye kutumia hotspoti ya simu, hasa walioiweka kama "metered" ili kuokoa bando, wanaweza kukaa wiki kadhaa bila sasisho. Fungua Command Prompt kwa "Run as administrator" kisha andika:

cd "c:\program files\windows defender"
MpCmdRun.exe -removedefinitions -dynamicsignatures
MpCmdRun.exe -SignatureUpdate

Kama bando halitoshi, faili iitwayo mpam-fe.exe kutoka tovuti ya Microsoft ina sasisho zima na inazidi MB 100. Ipakue penye Wi-Fi nzuri ukaibebe. Windows 10 iliachwa kusaidiwa Oktoba 14, 2025, lakini Microsoft imesema sasisho za Defender zitaendelea kutolewa hadi Oktoba 2028, kwa hiyo kuwa na mashine ya zamani si kisingizio.

Skrini ya buluu: "Windows protected your PC"

Hii si antivirusi na haijapata virusi. Ni SmartScreen, inayoangalia kama faili imetoka intaneti na kama inajulikana. Faili iliyopakuliwa hubandikwa alama isiyoonekana ya asili yake. Ikiwa ni ngeni na haina saini ya mtu anayefahamika, skrini hutokea. Kuweka folda kwenye orodha ya msamaha ya Defender hakuiondoi, na watu hupoteza saa nzima wakijaribu.

Bofya faili kwa kitufe cha kulia, fungua "Properties", tazama kama kuna kichupo cha "Digital Signatures" na jina la mwenye saini. Kama ndiye mwenye gemu na umeichukua kwake, bonyeza "More info", kisha "Run anyway". Au tia tiki kwenye "Unblock" chini ya "Properties". Kama ni kifurushi cha zip, fanya hivyo kwenye zip yenyewe kabla ya kukifungua, la sivyo faili za ndani zinaweza kurithi alama hiyo.

Windows 11 iliyosakinishwa upya inaweza kuwa na Smart App Control. Hii haina "Run anyway" wala orodha ya msamaha. Ama inaruhusu ama inakataa. Usiizime kwa sababu ya gemu moja.

Gemu imemaliza kuingia lakini haifunguki

Dalili zake ni nyingi: aikoni nyeupe, Steam (duka la gemu) inasema "missing executable", au Windows inatoa kosa la 0x800700E1 lenye maneno "the file contains a virus or potentially unwanted software". Faili ya .exe au .dll imechukuliwa na kuwekwa karantini baada ya usakinishaji.

Usipakue upya GB 30. Kwanza thibitisha faili kwa njia iliyo chini, kwenye sehemu ya hashi. Ikiwa safi, fuata utaratibu huu, na usiupindue: weka msamaha kwanza, ndipo urudishe faili. Ukiirudisha kabla, itakamatwa tena kabla hujafunga dirisha.

Kwenye "Virus & threat protection settings" bonyeza "Manage settings", shuka hadi "Exclusions", chagua "Add or remove exclusions", halafu "Folder", na uelekeze kwenye folda ya gemu hiyo moja. Usielekeze Downloads, wala diski yote ya C, wala flashi. Rudi "Protection history", fungua tukio, na chini ya "Actions" chagua "Restore". Faili ikikosekana bado, kwenye Steam bofya gemu kwa kulia, "Properties", "Installed Files", kisha "Verify integrity of game files". Epic nayo ina "Verify" chini ya vidoti vitatu, "Manage". Zote mbili hukagua kilichopo na kupakua kilichokosekana tu, hivyo bando linaumia kidogo.

Kuna mtego mmoja hapa. Angalia tena ile njia ya faili uliyoandika. Ikiwa ni AppData\Local\Temp\is- na herufi zinazobadilikabadilika, faili ilikamatwa katika folda ya muda ya kisakinishi, kabla haijafika kwenye folda ya gemu, na msamaha wako hautasaidia kitu. Wengi hapa husamehe Temp nzima na kusahau. Temp ndiyo kijiwe cha virusi. Kuiacha wazi ni kumpa mwizi ufunguo wa mlango wa nyuma. Afadhali utumie "Allow" kwa tukio hilo moja, umalize kusakinisha, kisha uingie "Allowed threats" uondoe ruhusa.

Na makosa ambayo hayahusiani na antivirusi hata kidogo, ingawa hulaumiwa kila siku: "MSVCP140.dll was not found" inataka Visual C++ Redistributable ya Microsoft, na 0xc000007b mara nyingi ni mchanganyiko wa faili za biti 32 na 64. Usizipakue DLL mojamoja kutoka tovuti za DLL.

Inakatika katikati: ISDone.dll au Unarc.dll

Makosa yenye majina haya hutokea kwenye gemu zilizobanwa sana. Antivirusi ni mshukiwa mmoja tu, na mara nyingi siye. Saa uliyoandika itaamua. Kama "Protection history" ina tukio la dakika ileile kosa lilipotokea, rudi kwenye jina la tishio. Kama haina kitu, antivirusi haihusiki.

Sasa jaribu tena na utazame asilimia. Ikikatika palepale kila mara, kifurushi kimeharibika, aghalabu wakati wa kunakili. Flashi iliyofomatiwa FAT32 haibebi faili moja inayofika GB 4. Zaidi ya hapo inahitaji exFAT au NTFS. Na flashi iliyochomolewa bila "Eject", au stima iliyopotea katikati ya kunakili, huacha faili yenye ukubwa sahihi na tumbo bovu. Nakili upya kutoka kwa asili, kisha linganisha hashi (imeelezwa chini).

Ikikatika mahali tofauti kila mara, tazama mashine. Kufungua kifurushi kunachosha prosesa na kujaza RAM. Kwenye ex-UK (kompyuta ya mtumba) yenye RAM ya GB 4, funga kivinjari na kila kitu kingine, na hakikisha C ina nafasi hata kama gemu inaenda D, kwa sababu Temp iko C. Endesha mdsched kupima RAM. Joto pia lina lake: mchana wa Kisumu, desktopu iliyojaa vumbi la miaka kwenye feni itakosea hesabu ambazo haikosei usiku. Ipulize kwanza kabla ya kununua RAM.

Faili za .exe zinakamatwa kwa mafungu, na flashi ina njia za mkato

Hapa hakuna kelele za bure. Mayowe ya uongo huwa na sura ya upweke: faili moja au mbili, jina la kukisia, gemu moja. Ukiona setup ya gemu, setup ya printa na kisakinishi cha VLC zote zinaitwa Neshta au Sality, hivyo ni virusi vinavyojipachika ndani ya .exe nyingine. Gemu ilikuwa safi ilipotoka. Imeambukizwa njiani, pengine kwenye kompyuta ya saiba inayopokea flashi mia kwa siku. Ndiyo sababu rafiki yako aliyekupa anaapa kwamba kwake haina neno, na huenda hasemi uongo.

Dalili mwenza ni flashi ambayo folda zake zimegeuka njia za mkato (shortcut) zenye mshale. Folda halisi zipo, zimefichwa. Usibofye hata njia moja ya mkato. Skani flashi kwanza, kisha kwenye Command Prompt, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zikirudi, futa njia zote za mkato. Faili za .exe zilizoambukizwa usijaribu kuziokoa. Baadhi ya virusi hivi huziharibu kiasi kwamba hata zikisafishwa hazifanyi kazi. Kwenye kompyuta yenyewe endesha "Microsoft Defender Antivirus (offline scan)": mashine hujiwasha upya na kuskani kabla Windows haijaamka, kwa takriban dakika 15. Chomeka chaja au UPS kwanza, stima isikukatie katikati.

Kupata uhakika: hashi

Hashi ni nambari ya utambulisho wa faili. Baiti moja ikibadilika, hashi nzima inabadilika. Andika:

certutil -hashfile "D:\gemu\setup.exe" SHA256

Utapata herufi na tarakimu 64. Baadhi ya waundaji huchapisha hashi kando ya kiungo cha kupakulia. Zikilingana, faili ni ileile iliyotoka kwao. Kama haikuchapishwa, mwombe mwenzako aliyepakua toleo lilelile kutoka kwa mwenyewe akusomee yake.

Kisha ibandike hashi kwenye sehemu ya kutafutia ya VirusTotal. Hii ndiyo njia ya mwenye bando dogo: tovuti inapokea faili hadi MB 650, lakini hashi ni maandishi tu, na faili za gemu zilizoenea huwa zimeshapelekwa na watu wengine. Zaidi ya antivirusi 70 hutoa maoni. Mbili au tatu zikilalamika kwa majina ya jumla kama "Generic", "Heur" au "AI", na faili imejulikana kwa muda mrefu, kuna uwezekano mkubwa ni mayowe ya bure. Ishirini zikitaja ukoo mmoja, kubali yaishe. Na sifuri kwenye faili iliyoonekana jana tu si cheti cha usafi. Antivirusi zinaweza kuwa bado hazijaijua.

Duka kubwa pia si kinga kamili. Februari 2025 gemu iitwayo PirateFi iliondolewa Steam baada ya kugundulika inabeba programu ya kuiba taarifa, na Juni 2023 virusi vya Fractureiser vilipenya kwenye modi za Minecraft katika CurseForge, tovuti ya modi. Waliodhani "imetoka mahali halali, basi antivirusi inakosea" ndio walioumia.

Gemu zilizovunjwa leseni

Tuseme wazi, kwa sababu ndizo zinazozunguka zaidi kwenye flashi. Faili ya steam_api64.dll iliyobadilishwa itakamatwa, na mwenye kuibadilisha atakuandikia "zima antivirusi kwanza". Anaweza kuwa mkweli. Anaweza pia kuwa ndiye mwizi, na maelekezo yake yangekuwa yaleyale neno kwa neno. Hakuna hashi ya asili ya kulinganisha, hakuna saini. Halisi kwa kawaida ina saini ya Valve, wenye Steam, hii haina. Kwa hiyo tuhuma ya aina hiyo haiwezi kuthibitishwa kuwa ya uongo, na kwenye kompyuta unayofungulia M-Pesa, barua pepe au eCitizen, usiiruhusu. Asiye na pesa ana 0 A.D., SuperTuxKart na OpenTTD, bure kwa haki.

Mengine ya haraka

Gemu inafunguka lakini haihifadhi ulipofika: "Controlled folder access" imewashwa na inaizuia kuandika kwenye Documents. Iko chini ya "Ransomware protection", ongeza .exe ya gemu kwenye "Allow an app through Controlled folder access".

Kila kitu kinakataliwa, hadi tovuti za kawaida: tazama tarehe. Ex-UK iliyoishiwa betri ya CR2032 hurudi miaka nyuma kila stima ikipotea, na vyeti vyote huonekana batili. Betri hiyo ya volti 3 ni bei rahisi. Badilisha, weka saa sawa, jaribu tena.

Antivirusi mbili za kulipiwa kwenye mashine moja zitashikana mashati na kuzuia kila kitu. Bakiza moja.

Ulinzi dhidi ya udanganyifu katika gemu za mtandaoni hauanzi: kama kosa linataja Secure Boot au TPM (kinga za mashine yenyewe), suluhisho liko kwenye BIOS, mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Valorant kwenye Windows 11 inadai vyote viwili.

Ukishathibitisha kwamba ni kelele za bure, peleka faili kwenye ukurasa wa Microsoft wa kuwasilisha faili ukichagua kwamba imekamatwa kimakosa, na umjulishe muundaji. Baada ya sasisho lijalo iskani tena folda ya gemu kwa mkono. Ikinyamaza, rudi kwenye "Exclusions" ubonyeze "Remove".